Bogotá, Kwa Mama wa Mwendokasi

Mwaka 2016, wiki zile za mwanzo za mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, nilikuwa nimesimama ndani ya basi kati ya Ubungo na Magomeni, bega langu likiwa kwapani mwa mtu nisiyemjua, nikamsikia jamaa mmoja akiwaelimisha wenzake: "Hiki kitu wamekitoa Kolombia." Basi zima likacheka. Kolombia, kwa watu wa rika langu, ilikuwa nywele za mwanasoka Valderrama na habari za unga. Nani angeamini kwamba Kimara ina undugu na huko?

Jamaa alikuwa sahihi. Bogotá ilizindua mabasi yake ya TransMilenio mwezi Desemba 2000, chini ya meya Enrique Peñalosa, na miji mingi ikaja kujifunza kwao, Dar ikiwemo. Njia ya peke yake katikati ya barabara, kituo ambacho sakafu yake imelingana na mlango wa basi, nauli unalipa kabla hujapanda. Ukiyajua ya Kimara, umeshayajua ya Bogotá nusu yake. Tangu siku ile nikawa na hamu ya kumwona mama mtu. Hamu ikakaa miaka, mpaka rafiki yangu wa Mombasa, baharia mstaafu, alipopanga safari ya kumtembelea binti yake anayesoma shahada ya pili huko. Akanipigia simu: "Yakhe, twende. Wewe ukatazame mabasi yako, mimi nikamtazame mtoto."

Tukapitia Istanbul. Saa kama ishirini za kuwa hewani, miguu imevimba, mwenzangu amemaliza tende zote alizobeba. Ndege ilipoanza kushuka tukaona chini uwanda wa kijani umefunikwa mapaa meupe ya plastiki, safu kwa safu, mengine yakimeta kama madimbwi. Nilidhani ni maghala. Kumbe ni maua. Kolombia ni ya pili duniani kwa kuuza maua nje, baada ya Uholanzi, na mengi yanalimwa hapo hapo kwenye uwanda unaouzunguka mji. Mwenzangu, aliyewahi kupita Naivasha mara nyingi, akatikisa kichwa: "Kumbe tumekuja kwa mshindani!"

Binti yake alitupokea uwanjani kwa koti zito na bashasha. "Shikamoo, Baba. Shikamoo, ami. Mbona mmevaa mashati tu?" Tulikuwa tumeambiwa kwamba Bogotá iko karibu na ikweta, tukajipigia hesabu zetu za Mombasa na Dar. Hatukuzingatia kwamba mji umekaa mita 2,640 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wenyewe wanauita "la nevera", yaani friji. Jua likitoka unavua koti, wingu likipita unalirudisha, na mchana mvua inaweza kushuka ghafla ikakuta huna hata pa kujibanza. Tone la kwanza tu likianguka, wauza miavuli wamejaa barabarani. Hujui dakika moja kabla walikuwa wamejificha wapi.

Usiku wa kwanza tulipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mtaa wa Teusaquillo. Mimi ni mtu wa mazoezi, siku hizi walau. Nilifika mlangoni nahema kama niliyebeba gunia la mkaa. Binti akatuletea maji ya moto yaliyoyeyushiwa sukari guru, wao wanayaita aguapanela. Sukari guru ile ile inayouzwa sokoni kwetu, nayo ikanituliza kuliko panadoli niliyobeba.

Jambo la kwanza lililonifurahisha Bogotá halimo kwenye vitabu vya watalii. Ni saa. Mji uko kwenye nyuzi kama tano tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Nimewahi kukaa Ulaya mwezi Juni, nikajua kwa nini wao hawawezi kuhesabu saa kama sisi: huko "saa moja asubuhi" ya Kiswahili haina maana, jua limeshachomoza zamani. Bogotá inafaa. Ukisema saa mbili asubuhi, ni saa mbili kweli tangu kupambazuke. Nikawa natembea mjini na saa yangu ya mkononi nimeigeuza Kiswahili, na hakuna aliyeniuliza.

La pili ni milima. Upande wa mashariki mji umeegemea ukuta wa milima, mmoja wao ni Monserrate wenye kanisa jeupe kileleni, mita 3,152. Ukipotea, inua macho utafute milima: hiyo ni mashariki. Na mitaa yote imepangwa kwa kuitazama. Barabara zinazotoka milimani kwenda chini zinaitwa "calle", zinazokwenda sambamba na milima ni "carrera", na zote zina namba badala ya majina. Anwani ya nyumba ni hesabu tupu. Chukua mfano wa Calle 40 # 20-15: uko kwenye calle ya 40, anzia kona yake na carrera ya 20, tembea mita kama 15, mlango ndio huo.

Nilikaa na anwani hii kwa dakika nzima, karatasi mkononi. Mimi nyumbani kwangu namwelekeza fundi hivi: "Shuka Kimara, panda bodaboda mwambie kwa Mangi wa duka la kona, pita mwembe uliokatwa, uliza kwa mama wa vitumbua." Mwembe wenyewe ulikatwa miaka sita iliyopita, bado unaelekeza watu. Bogotá hakuna haja ya kumuuliza mama wa vitumbua. Ni raha, sikatai, ila siku ya nne nikagundua kwamba sijaongea na mtu yeyote njiani kwa sababu ya kupotea, na kusafiri bila kupotea kunapunguza mengi.

Mwenzangu yeye aliishukuru milima kwa sababu nyingine. Dar na Mombasa kibla ni kaskazini, kama umenyoosha rula. Bogotá, Makka iko upande wa milima, ukiinama kidogo kuelekea kaskazini. Kila alfajiri alitandika msala wake akiielekea ile milima myeusi, na anga nyuma yake ikianza kupauka. "Hapa," aliniambia, "hata asiye na dira haswali kombo."

Sasa mabasi.

Nilikwenda kituoni kama mtu anayekwenda posa. Nimevaa vizuri, nimeshika kadi yangu mpya. Na kilichonipata ni kizunguzungu, maana kila kitu nilikifahamu lakini kimegeuzwa. Wao wanaendesha upande wa kulia wa barabara, sisi kushoto. Kwa hiyo milango ya basi ya kupandia kituoni kwao iko kushoto, yetu iko kulia. Ni kama kumtazama ndugu yako kwenye kioo. Mabasi ni mekundu, mengine yameunganishwa vipande vitatu, yanapita kama treni iliyokosa reli. Njia kuu zimezidi kilomita 110. Yetu ya kwanza, ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilikuwa kama 21.

Kabla ya TransMilenio Bogotá ilikuwa na mabasi madogo ya watu binafsi, na madereva walilipwa kwa kichwa cha abiria. Wakawa wanafukuzana barabarani, kuchomekeana, kusimama popote. Hali hiyo wenyewe waliiita "guerra del centavo", vita vya senti. Binti aliponieleza nikaangua kicheko, maana sikuhitaji tafsiri. Nimekulia kwenye daladala. Najua dereva anayetafuta hesabu ya tajiri anavyokata kona, najua konda anavyosema "ingia, nyuma kweupe" wakati nyuma hakuna hata pa kuweka kisigino.

Siku ya pili nikataka kwenda mwenyewe katikati ya mji. Mabasi yana herufi na namba: herufi inakuambia ukanda ambao basi linaelekea. J ni katikati, pale kwenye jumba la makumbusho ya dhahabu. B ni kaskazini. Nilikuwa nimekariri, nikapanda B kwa kujiamini kabisa. Basi likavipita vituo, kimoja, viwili, vitano, halisimami. Ni la moja kwa moja. Nikamwangalia mama aliyekaa jirani na kusema neno pekee lililonijia, "Museo?" Akanitazama kwa huruma ile ya mtu anayemwona mgeni kwenye msiba. Nilishuka Portal Norte, mwisho kabisa, mji umeshaanza kuwa mashamba, nikavuka upande wa pili na kurudi njia nzima nimesimama. Ndani ya saa ile na nusu nilihudumiwa na kijana aliyeimba rap akitunga mistari kuhusu nguo za abiria (shati langu la kitenge lilipata mistari miwili), muuza pipi, na mzee wa harmonika. Kwetu kwenye mwendokasi hawaruhusiwi. Nilivyochoka, niliwafurahia.

Lakini niseme na hili, kwa sababu nilikwenda nikiwa nimebeba heshima na watu wa Bogotá wakanishangaa. Kila niliyemwambia nimetoka Tanzania kuja kuiona TransMilenio alicheka au alikasirika. Dereva wa teksi alipiga usukani. Inajaa mno, walisema. Wezi. Vijana wanaoruka na kuingia kwa mlango wa kituo bila kulipa, wanaitwa "colados", niliwaona kwa macho yangu wakisimama katikati ya njia ya basi kusubiri mlango ufunguke. Wao wanachokitaka ni treni, na wameitaka tangu miaka ya 1940. Sasa inajengwa, reli ya juu ya nguzo, karibu kilomita 24 na vituo 16, na sehemu ya nguzo zake zinapandwa pale pale kwenye Avenida Caracas ambako TransMilenio ilianzia. Nilisimama nikatazama chuma zikipanda juu ya vituo vya mabasi. Mwaka 2018 Dar ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na mimi habari hiyo niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya Kimara. Kumbe mama na mwana tunasemwa maneno yale yale.

Makumbusho ya dhahabu, kwa taarifa yako, sikuyaona siku ile wala siku nyingine. Tulipofika wote watatu ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu wanafunga. Tukatembea hadi La Candelaria, mji mkongwe, tukaingia makumbusho ya Botero ambayo ni bure. Mchoraji Fernando Botero, aliyefariki 2023, alichora watu wanene, farasi wanene, machungwa manene, hata Mona Lisa mnene. Mwenzangu alisimama mbele ya picha moja ya mwanamke kwa muda mrefu kisha akasema kwa sauti ya chini, asimsikie binti: "Huyu angeolewa Mombasa kesho."

Jirani na kanisa kuu pana mkahawa mdogo uitwao La Puerta Falsa, upo tangu 1816. Wanakupa kikombe cha kakao ya moto na kipande cha jibini. Jibini unakikatakata na kukitumbukiza ndani ya kakao, kisha unakivua na kijiko kimelegea na kuvutika kama ubani. Mimi nilikunywa kakao, nikala jibini pembeni. Binti alinilaumu. Nitakubali lawama.

Adabu ya lugha yao ilinishika. Hispania na nchi nyingi wanatumia "tú" kwa mtu wa karibu, lakini Bogotá "usted", ya heshima, inatumika kwa mume, kwa mtoto, kwa rafiki. "Ami, hapa watu wanamwita usted hata mbwa wao," binti alisema. Muuza duka anakuita "veci", kifupi cha jirani. Wazee wanasema "sumercé", neno lililotokana na namna ya zamani ya kumwita bwana mkubwa, sasa wanampa yeyote wanayemjali. Na ukipita mbele ya kila kibanda unasikia "a la orden", yaani agiza tu tupo. Sauti yake ni ile ile ya "karibu mteja" ya Kariakoo, hata lile kuburuza la mwishoni.

Neno jingine alilotufundisha siku ya kwanza ni onyo: "no dar papaya". Usitoe papai. Maana yake usijianike: usitoe simu dirishani, usihesabu pesa hadharani. Ukitoa papai watu watalila, na lawama ni yako. Sisi tunasema penye mzoga hapakosi tai. Wao wamechagua tunda. Mwenzangu akawa ananiambia papai kila nikitoa simu kupiga picha. Papai! Papai! Watu wakawa wanageuka.

Na matunda yenyewe, jamani. Soko la Paloquemao, asubuhi, upande mmoja maua yamelazwa chini kwa mafungu na upande wa pili matunda. Stafeli wanaliita guanábana. Pesheni ipo, magogwe yapo, na haya yote asili yake ni Amerika. Ndiyo, na muhogo. Na mahindi, na viazi, na nyanya, na karanga, na papai lenyewe. Nilisimama mbele ya lundo la mihogo nikatamani kuomba radhi kwa miaka yote niliyowaambia wageni kwamba muhogo ni chakula chetu cha asili. Supu yao, ajiaco, ina aina tatu za viazi ndani ya bakuli moja, kuku, gunzi la hindi, na jani liitwalo guascas. Aina moja ya viazi inayeyuka kabisa na kuwa mchuzi. Niliomba ya pili.

Soko la pili, La Perseverancia, ni dogo na ni la kula. Pale akatuona mama mmoja mweusi kama sisi, kitambaa kichwani, mwiko mkononi. Akamuuliza mwenzangu kwa Kihispania: "Chocó au Buenaventura?" Ni pwani ya Pasifiki ya Kolombia, walikojaa watu wenye asili ya Afrika, wajukuu wa watumwa ambao sheria ya 1851 ndiyo iliyowaacha huru. Binti akajibu: Mombasa. Mama hakuijua, lakini alicheka. "Kaeni." Kisha akatuletea kitu kinaitwa encocado.

Mwenzangu aliweka kijiko mdomoni na kunyamaza. Samaki, nazi, vitunguu, majani yenye harufu kama kotimiri iliyokasirika. "Hili tui la kwanza," akasema. "Muulize. Amelitia mwisho." Binti akauliza. Mama akasema ndiyo, jepesi linachemsha samaki, zito linaingia mwishoni na moto unapunguzwa, ukizembea linakatika. Mwenzangu akapiga meza kwa furaha. Akataka kujua anakunia nini nazi, maana mbuzi haoni. Kwa kuwa hakuna neno, akainuka, akachuchumaa katikati ya soko kama mtu aliyekalia mbuzi ya kukunia, mikono ikizungusha kifuu hewani. Mama alicheka hadi akashika ukingo wa meza, kisha akaenda nyuma na kurudi ameinua blenda. Sitasingizia undugu wa damu. Mababu zake walivushwa Atlantiki, si bahari yetu. Ila tui la kwanza linaingia mwisho, hilo tumekubaliana.

Jumapili mji unawafungia magari. Inaitwa Ciclovía, ilianza 1974, na kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana zaidi ya kilomita 120 za barabara zinakuwa za baiskeli, watembea kwa miguu, watoto, mbwa na wauza juisi. Tulitembea Carrera Séptima katikati kabisa ya barabara. Kwa mtu wa Dar ni hisia ngeni. Nilikuwa nageuka nyuma kila baada ya hatua kumi nikisubiri honi. Fundi baiskeli amepanga spana zake juu ya kitambaa, bibi harusi wa watu anapita na kiti cha magurudumu cha mama yake, vijana wamevaa jezi za njano. Egan Bernal, aliyeshinda Tour de France 2019, ametoka Zipaquirá, mji jirani. Kila mvulana mwenye gia pale alijiona yeye ndiye.

Siku ya mwisho binti alitupeleka kusini, Ciudad Bolívar, vilima vilivyojaa nyumba za matofali mekundu yasiyopigwa lipu. Kutoka Portal Tunal unapanda TransMiCable, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, kila kimoja watu kumi, ulioanza Desemba 2018. Kadi ni ile ile ya basi. Dakika 13 hadi kileleni, kituo kiitwacho Mirador del Paraíso, mahali pa kuitazamia pepo. Safari hiyo hiyo kwa basi la mlimani ilikuwa inakula saa nzima.

Ndani ya kibanda chetu aliingia bibi mmoja na kiroba cha viazi, akakiweka kati ya miguu yake na kutusalimu kila mmoja peke yake. Tukaanza kupaa, mapaa ya bati yakapita chini ya viatu vyetu, nguo zimeanikwa, mbwa juu ya dari. Akauliza tumetoka wapi. Binti akamwambia baba yake ni baharia, kutoka mji wa baharini. Bibi akasema yeye alikuja kutoka mkoa wa Tolima akiwa msichana, hajawahi kuiona bahari. Akafikiri mpaka tukapita kituo cha kwanza. Kisha akauliza: "Na usiku, inanyamaza?"

Mwenzangu, ambaye kwa siku tisa hakuwahi kukosa la kusema, aliangalia nje. Tulikuwa tunakaribia kituo cha Manitas alipomgeukia binti yake. "Mwambie, inapwa na kujaa. Kunyamaza hainyamazi."

Binti alihangaika na kupwa. Akaonyesha kwa mikono, maji yanakwenda, maji yanarudi. Bibi alitikisa kichwa taratibu, akakamata kiroba chake, na mlango ukafunguka.